Jina Lina Mwenyewe

Haya yalimpata Rachelle, jirani yetu hapa Kamina, mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya kanisa. Alikuwa na siku tisa tu tangu ajifungue mtoto wa kike, lakini Rachelle na kupumzika ni paka na panya. Asubuhi hiyo, saa nne, alikaa sebuleni akijifunza mambo ya kontena, yaani visanduku vinavyobeba programu pamoja na kila kitu inachohitaji. Wanafunzi walikuwa wakimsubiri, na mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Chumbani, mtoto alikuwa analia kifuani kwa Marie-Thérèse, mama mkwe wa Rachelle. Tangu jana yake alikuwa akikataa ziwa. Hospitalini hawakuona ugonjwa. Rachelle alishika kazi ili asilie na yeye, huo ndio ukweli.

Mtoto alipewa jina la Ngoie, mama yake Marie-Thérèse, aliyezikwa Kabongo miaka sita iliyopita. Marie-Thérèse alimwota marehemu mimba ikiwa bado changa. Kwao, marehemu akija ndotoni hivyo, anataka jina lake lirudi.

Somo lilisema: anzisha kontena kwa amri ya run, uipe jina. Rachelle akaandika jina lililomjaa moyoni. ngoie.

Kompyuta ikakataa. Jina hilo limeshachukuliwa na kontena nyingine.

Nyingine ipi? Hiyo ndiyo ilikuwa yake ya kwanza. Akaandika ps, amri ya kuonyesha kontena zilizo hai. Hakuna kitu. Akaongeza -a, aone na zilizosimama, maana kontena ikisimama haiondoki mpaka ifutwe. Mstari mmoja ukatokea.

ngoie. Imesimama. Miaka sita iliyopita.

Kompyuta yenyewe ilinunuliwa mwaka jana.

Akaandika rm, amri ya kufuta. Kompyuta ikakataa tena: kontena hii inafanya kazi, isimamishe kwanza. Akarudia ps.

ngoie. Hai. Siku tisa.

Chumbani, kilio cha mtoto kikakatika.

Rachelle alikuwa ameshaandika stop, amri ya kusimamisha. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe cha kuituma tu. Akavuta mkono kama aliyegusa kaa la moto, akafuta herufi moja moja, akakimbilia chumbani.

Mtoto alikuwa amefumbua macho. Alipumua kidogo. Kidogo sana.

“Maman,” Rachelle alinong'ona, “jina hii iko na mwenyewe. Hajaiacha.”

“Mama yangu Ngoie, minyi nilimulota,” Marie-Thérèse alisema. “ Alisimama ku mulango.”

“Alisema nini? Aliomba jina?”

Marie-Thérèse akainama.

“Hapana. Alitingisha kichwa tu, alikatala. Minyi njo nilipenda jina ya mama yangu isipotee.”

Rachelle hakumgombeza. Hapakuwa na muda. Akamchukua mtoto, akamnong'oneza sikioni jina ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe. Hadassa. Mara tatu. Mtoto akakohoa. Akatafuta ziwa, akalishika kwa nguvu, na Rachelle akalia kwa furaha na hofu vikiwa pamoja.

Adhuhuri ndipo alipopata ujasiri wa kurudi sebuleni. Hakuna aliyeingia humo. Akaandika ps -a. Mistari ilikuwa miwili.

ngoie. Imesimama. Miaka sita iliyopita.

hadassa. Hai. Siku tisa.

Rachelle alirudi darasani baadaye. Hufundisha run, hufundisha ps, hufundisha na nyinginezo. Stop hafundishi, na wanafunzi wakiuliza huwaambia wasubiri.

Kisha kompyuta ile ikaungua, ikawa haiwaki tena kabisa. Alilia sana siku hiyo, akimkumbatia mtoto, akisubiri baya litokee. Halikutokea. Shule ikampa kompyuta nyingine, mpya, ikiwa bado kwenye katoni yake. Akaweka programu ya kontena mwenyewe, huku mtoto, sasa wa miezi miwili na ushee, akicheka mgongoni. Kabla ya kuanzisha chochote, akaandika ps.

hadassa. Hai. Siku sabini na moja.