Ufunguo wa Siri wa Aila

Kila Alhamisi baada ya masomo, Aila Niemi huvua viatu vyake vya theluji mlangoni na kukimbilia chumba cha klabu ya roboti. Ana umri wa miaka kumi na miwili. Yeye na wenzake wanatunga programu ya roboti inayopima unene wa barafu ya ziwani, ili wavuvi wa mji wao wa Duluth wajue pa kukanyaga.

Kazi yao yote imo ndani ya seva, kompyuta ndogo iliyo juu ya kabati. Seva hiyo hutunza kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya. Mpaka Alhamisi hiyo, wote waliingia kwa nenosiri moja, na Mwalimu Beaudry, mlezi wa klabu, alikuwa amechoka nalo.

"Leo tunaacha nenosiri; kila mtu anatengeneza kwenye kompyuta yake funguo mbili za maandishi, mmoja wa wazi na mmoja wa siri," alisema. "Ule wa wazi nitumieni, niuweke kwenye seva. Ule wa siri usitoke hapo ulipo. Hata mama yako asiuone."

"Mama yangu hata kuzima simu hajui," mwenzao Corinne alisema, wote wakacheka.

Aila alitaka kuwa wa kwanza. Akanakili harakaharaka, akatuma kwenye kundi la ujumbe la klabu, ambamo wazazi na wanafunzi wa zamani wamo pia. Alipotazama vizuri, akashtuka. Alikuwa ametuma ule wa siri! Akaufuta, akatuma wa wazi.

"Si umeshafuta?" Corinne alimnong'oneza. "Nyamaza wewe. Nani atajua?"

Aila akanyamaza.

"Njooni muone kitu," Mwalimu aliita. Kwenye kioo cha kompyuta yake, mistari ya maandishi ilikuwa ikishuka bila kukoma. "Kila mstari ni mgeni anayebahatisha nenosiri letu."

"Letu sisi? Wametujuaje?" Aila aliuliza.

"Hawatujui. Ni mashine za kila pembe ya dunia, zinajaribu kila mlango zinaoukuta."

Aila alikitazama kile kikompyuta juu ya kabati, kidogo kama kopo la biskuti, na dunia nzima ikikibishia hodi.

"Mwalimu," alisema, "ufunguo wangu wa siri niliutuma kwenye kundi. Nimeufuta, lakini sijui nani ameuona."

Mwalimu hakufoka. Alifuta kwenye seva mstari mmoja, ule ufunguo wa wazi wa Aila. "Basi, sasa ule wa siri haufungui kitu. Tengeneza nyingine mbili."

Aila alitengeneza, akatuma ule wa wazi, safari hii polepole. Wote walipomaliza, Mwalimu akaufunga kabisa mlango wa nenosiri. Aila akajaribu kuingia. Seva ikajibu: *Habari, Aila! Umetambuliwa.*

"Imenijuaje? Siri yangu sijaituma!"

"Hiyo ndiyo ajabu yake. Seva imeuliza swali ambalo mwenye ufunguo wa siri peke yake anaweza kulijibu. Kompyuta yako imejibu, na siri haikusogea hata kidogo."

Kwenye kioo wageni waliendelea kubisha, na kila mmoja alikataliwa.

Corinne akainua mkono taratibu. "Mwalimu, mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

"Ahsante kwa kusema," Mwalimu alijibu, akiwatazama wote. "Kukosea, hata mimi hukosea. Ufunguo uliovuja nauondoa mara moja, mradi niambiwe. Kosa mnalonificha ndilo siwezi kuwalinda nalo."