Jibini Nyeupe ya Misa ya Mavuno

Nyumbani kwa Gaudiosus, kijijini Kamuli, asubuhi huanza na Bihogo. Hata chai husubiri. Bihogo ni ng'ombe wao mwekundu mwenye pembe ndefu. Jovitha, mke wa Gaudiosus na mama wa Vero, akishamaliza kumkamua humpapasa shingo na kumwambia kwa Kinyambo, "Wakora." Maana yake ni asante.

Jirani yao Elipidius humcheka kila siku akipita kwenda kwenye shamba lake la kahawa. "Mama Vero, ng'ombe anashukuriwa kama mkwe! Kesho utampikia ndizi?"

Acha acheke. Jovitha ana sababu yake. Mwaka jana Bihogo aliugua ndigana. Alilala chini, masikio yamelegea, hataki hata maji. Placidia, mtaalamu wa mifugo wa kata, alikuja na pikipiki kwenye matope. Akamtibu, akarudi tena na tena mpaka Bihogo akasimama. Wakati huo Jovitha aliweka nadhiri: "Mungu wangu, ng'ombe huyu akipona, nitakuletea jibini nzuri kwenye Misa ya mavuno."

Jibini hiyo huitwa cheda. Placidia ndiye aliyewafundisha akina mama wa Kamuli kuitengeneza. Kwanza maziwa hupashwa moto ili kuua vijidudu. Yakipoa kidogo hutiwa dawa ya kuyagandisha. Mgando hukatwakatwa, huchujwa maji, hutiwa chumvi na kubanwa kwa mawe mazito. Kisha huachwa mahali penye ubaridi kwa miezi kadhaa, hapo ndipo utamu hupikika wenyewe. Walijifunza wakati wa mvua, na jibini zao zote zilitoka za manjano.

Mwezi wa sita jua likakausha majani. Jovitha akatengeneza jibini ya nadhiri. Ikatoka nyeupe kama unga wa muhogo.

"Nimpelekee Mungu kitu kilichopauka?" alisikitika. Akaisukuma nyuma kabisa ya rafu.

Basi, mama mkwe wake, Bibi Benadeta, ni msusi wa mikeka. Ana vipakiti vya rangi ya unga ya kuchemshia ukindu. Jovitha alichukua kipakiti cha manjano bila kumwuliza mtu. Alipotengeneza jibini ya pili, akakoroga rangi ile kwenye maziwa. Lo! Jibini ilitoka inang'aa kama ua la alizeti. Jovitha aliifunga kwa kitambaa safi, akaitunza kama mtoto.

Wiki ya Misa ya mavuno, Placidia alikuja kumchanja ndama.

"Daktari, karibu ndani," Jovitha alimwambia. "Wewe ndiye uliyemponya Bihogo. Lazima uwe wa kwanza kuonja."

Akaifungua jibini yake, akakata kipande. Placidia alikipokea kwa mikono miwili. Kabla hajakitia mdomoni, Bibi Benadeta, aliyekuwa akisuka pembeni, alisogea na kukikazia macho.

"Ngoja," alisema bibi. "Rangi hii naijua. Hii ni rangi ya mkeka wangu!"

Placidia alikirudisha kipande mezani taratibu. "Mama Vero, ni kweli?"

"Ni kweli, daktari. Ya kwanza ilitoka nyeupe mno. Nikaona aibu."

"Kuna mtu ameila?"

"Hapana. Nilimtunzia Mungu."

"Basi tumshukuru huyo Mungu," Placidia alisema, akavuta pumzi. "Rangi ya mikeka si chakula. Ina dawa za kiwandani zinazoweza kumdhuru mtu. Kupika hakuziondoi. Hii hatumpi hata mbwa. Tutaifukia."

Jovitha alianza kulia. "Na nadhiri yangu? Misa ni Jumapili! Jibini ya cheda haitengenezwi kwa siku tatu."

"Usilie, mwenzangu. Na mimi nina kosa. Niliwafundisha wakati wa mvua, sikuwaambia habari za kiangazi. Ng'ombe akila majani mabichi, umanjano wa majani huingia kwenye mafuta ya maziwa. Majani yakikauka, jibini hutoka nyeupe. Haijaharibika."

"Lakini cheda za dukani mjini ni za rangi ya chungwa!"

"Nyingi hutiwa rangi ya mbegu nyekundu za mti uitwao mzingefuri. Mbegu hizo huliwa, na hutiwa kidogo sana. Nazo hupendezesha macho tu. Utamu hauji na rangi. Unatoka kwenye maziwa mazuri, chumvi ya kutosha na subira. Ile nyeupe iko wapi?"

Jovitha aliitoa nyuma ya rafu kwa haya. Placidia alikata ukingoni kipande chembamba, akakitafuna.

"Mama Vero," alisema mwishowe, "onja nadhiri yako."

Jovitha alionja. Akafuta machozi, akaonja tena. Bibi Benadeta naye akanyoosha mkono.

Jumapili Jovitha alipeleka matoleo kanisani. Bibi Benadeta alikuwa amempa mkeka mpya wa manjano aliousuka mwenyewe. Juu ya mkeka walitandaza jani la mgomba lililooshwa vizuri, na juu ya jani wakaweka jibini nyeupe. Rangi ya mkeka ilibaki kwenye mkeka.

Baada ya Misa, matoleo yalinadiwa nje ya kanisa. Jibini ilipoinuliwa, Elipidius alipaza sauti. "Mbona hii imepauka? Imeogopa nini?"

Watu wakacheka. Zamani Jovitha angejificha. Siku hiyo alisimama. Aliwaeleza habari za majani na kiangazi. Aliwaeleza na kosa lake la rangi ya mikeka, bila kuficha, maana wasusi walikuwa wengi pale. Kisha akampa Elipidius kipande.

Elipidius alitafuna. Akafumba macho.

"Eh! Inaanza kama siagi," alisema. "Halafu inakuja chumvi. Halafu kuna kauchachu kanachokonoa ulimi. Na mwishoni kabisa, jamani, kama karanga za kukaanga!"

Mnada ulikuwa mkali. Elipidius ndiye aliyeshinda, akaikata jibini palepale na kuwagawia watu wote. Placidia alipata kipande kikubwa. Jovitha alitazama vinywa vikitafuna, akaona moyo wake umejaa shukrani.

Mvua ziliporudi, Jovitha alipanda mche wa mzingefuri nyuma ya jiko. Vipakiti vya bibi sasa viko kwenye sanduku lao, mbali na vyombo vya maziwa.

Lakini kuna jambo lilitokea mapema zaidi, asubuhi ile ya Jumatatu baada ya Misa. Jovitha alikuwa anakamua. Elipidius alipita akienda kwenye kahawa yake. Alisimama kwenye uzio, akatazama huku na huku kama kuna mtu anayemwona. Kisha akavua kofia.

"Wakora, Bihogo," alisema, akaenda zake.