Saa Aliyoiruka Kidoti

Tik, tik. Kabla hapajapambazuka, mama aliikunja bildi yake, ile kamba yenye risasi nchani anayopimia kina cha maji. Risasi iligonga sakafu. Kidoti alijifunika shuka gubigubi, lakini usingizi ulikuwa umempaa.

Mama alikuwa mpimaji bandarini. Njia ya meli ilikuwa imechimbwa ili meli kubwa zipite, na ya kwanza ingeingia asubuhi hiyo. Juzi mama alishusha bildi, Kidoti akaandika daftarini: mita kumi na tano. Aliambiwa aandike na saa. Akaona uvivu, akairuka.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "sikuandika saa. Jana nilimwona msimamizi wa uchimbaji akiijaza mwenyewe. Kaandika saa kumi jioni."

"Saa kumi? Tulipima saa nne asubuhi, maji yamejaa pomoni!" Mama aliinyakua bildi kwa hasira. Hata hivyo, alimvisha Kidoti sweta lake mwenyewe kabla hawajatoka.

Ofisini msimamizi alicheka. "Dada, leo umekuja na wakili wa darasa la sita?"

"Usinichekee! Umeandika saa ya maji kupwa ili ionekane uchimbaji umekwisha!"

"Aliyeacha nafasi wazi ni binti yako."

"Ni kweli, nilikosea," Kidoti alisema, machozi yakimlengalenga. "Lakini wewe uliandika uongo, kisha ukaniambia nikacheze!"

Rubani mzee, ambaye ndiye angeiongoza meli ile, alikuwa akinywa chai pembeni. Aliweka kikombe chini. "Sasa hivi maji yamekupwa. Twende tukapime."

Walipima mara tatu. Mita kumi na tatu.

"Meli ile inahitaji maji ya mita kumi na nne!" rubani alimfokea msimamizi. "Ulitaka niikalishe mchangani na mabaharia wote wale? Huna hata haya!"

Meli iliambiwa kwa redio isubiri nje. Msimamizi aliondolewa kazini, na mashine zikarudi kuchimba.

Rubani alimvutia Kidoti kiti. "Kuruka saa lilikuwa kosa dogo, mjukuu wangu. Kulinyamazia ndiko kulikokaribia kutuangamiza. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata ukiona aibu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, babu."

"Basi njia ikifika kina chake, njoo ututembelee tena. Daftari utashika wewe."