Jumbe Anywe Tope

Kila alfajiri wasichana wa Chilangala waliteremka ukingo wa mlima kwenda kuchota maji. Juu uwandani hapakuwa na kisima wala mto. Bondeni, chini ya mikuyu, palikuwa na chemchemi moja. Kila aliyefika alichota kwanza tope kwa viganja, akalitupa mbali, ndipo akajaza mtungi. Mikuyu ile haikukatwa hata tawi. Hakuna aliyesimamia jambo hilo. Watoto waliiga kwa mama zao.

Somoe naye aliiga kwa mama yake, ila sasa mama hakuwapo. Wakati wa vita vya Maji Maji, askari wa Wajerumani walichoma maghala ya mtama kijijini, na njaa iliyofuata ikamuua. Aliyewaonyesha askari maghala alikuwa Bwanali, mtu wa Masasi. Vita vilipokwisha, serikali yao ilimfanya jumbe, mkuu wa kijiji cha Chilangala, akajenga nyumba kubwa, akatembea na kofia nyekundu kama mtu asiyemkosea yeyote.

Jumbe hagusiki. Lakini binti yake, Mwanaheri, alichota maji alasiri, wengine wote wakiwa wamekwisha kuondoka.

"Kwa nini tumsafishie maji?" Somoe aliwauliza wenzake. "Sisi tuchote mapema, tope tuliache. Jumbe anywe tope!"

Stamili, ambaye ghala la kwao pia liliteketezwa, alicheka. "Na anywe mpaka atapike."

Wote wakakubali. Kila Somoe alipomwona Mwanaheri akirudi na maji ya tope, moyo wake ulipoa kidogo. Muda si muda, watu walipoona chemchemi haitunzwi tena, wakaanza kukata matawi ya mikuyu kwa kuni. Mvua ziliponyesha, udongo ukaporomoka majini. Hata maji ya alfajiri yakawa mekundu. Mussa, mdogo wake Somoe, akaanza kuhara damu.

Alasiri moja baba yao, Hamidu, aliteremka na Somoe kutafuta maji yenye nafuu. Wakamkuta Mwanaheri amepiga magoti, tope limemfika viwikoni.

"Shikamoo, Baba Somoe."

"Marahaba. Wafanya nini peke yako?"

"Natoa tope. Leo nalitoa, kesho nalikuta limejaa tena. Mikono yangu haitoshi."

Hamidu akamgeukia binti yake. "Wenzake hawatoi?"

"Hatutoi, Baba. Niliwakataza mimi. Nilitaka Bwanali ateseke. Alimuua mama."

Hamidu akauliza, "Na Mussa, alimuua nani?"

Machozi yalimlengalenga Somoe. Akaingia topeni, akaanza kuchota.

Kesho yake Hamidu alipita nyumba kwa nyumba. Kijiji kizima kikateremka na majembe, wakakubaliana kuwa asiyetoa tope hachoti maji. Bwanali alikuja na mtumishi wake, akasimama kando.

"Huyu atafanya kwa niaba yangu," alisema.

"Sisi tumekuja wenyewe," Somoe akajibu kwa sauti. "Na jumbe afanye mwenyewe."

"Nitawapeleka bomani kwa Wajerumani!"

"Tupeleke sote," alisema mama yake Stamili, akakaa mbele ya chemchemi. "Huko bomani watakuchotea maji?"

Wanawake wengine wakakaa pembeni yake. Hakuna aliyesogea. Jua lilipanda, koo la Bwanali likakauka. Mwishowe alivua kofia, akapiga magoti, akazamisha mikono. Somoe alitazama tope likimwingia kwenye kucha, akaona raha ambayo hakuwahi kuionja tangu njaa ile.

Walichimba mpaka maji yakatoka meupe, wakapanda matete ukingoni kuzuia udongo. Mussa alinyweshwa maji safi yaliyochemshwa, akapona.

Siku moja, wakipanda mlima na mitungi yao, Somoe alisema, "Baba, bado namchukia."

"Hata mimi sijamsamehe," alisema Hamidu. "Siku ya kumdai itafika, na tutamdai yeye, wala si maji wala miti. Ile chemchemi haina mlinzi, mwanangu, ila sisi tunaokwenda kuchota. Ukiacha wewe, na Stamili ataacha, na mwenye shoka atakata mkuyu, na anayeumia kwanza ni mtoto. Kila mmoja akifanya kidogo kila siku, Bwanali atakunywa, ndiyo. Lakini nasi tutakuwa hai."