Kitone cha Kijani

Kila Ijumaa baada ya masomo, Nasike aliteremka hadi Mto Sosiani akiwa na ndoo mkononi na mrija mrefu wa plastiki kwapani. Kazi yake katika chama cha mazingira ilikuwa kumimina maji ya mto ndani ya mrija, akichungulia kutoka juu, hadi alama nyeusi iliyo chini ipotee machoni. Maji yakiwa safi, mrija ulijaa alama ikiwa bado inaonekana. Mwalimu Mideva aliyatuma matokeo kwa simu. Shule nyingi zilifanya vivyo hivyo, kuanzia milima ya Kaptagat hadi mbali huko bondeni, na matokeo yote yaliwekwa kwenye ramani moja. Palipo safi palitiwa kitone cha kijani, palipo pachafu chekundu.

Cha kwao kilikuwa kijani. Nasike hakuwa na nia ya kudanganya, maskini. Alikuwa amelelewa kwa adabu tu. Kwao, maji ya mto hayapewi mgeni kabla hayajatuama. Tope huachwa lizame, kisha huchotwa ya juu. Naye aliona aibu mto wao uanikwe na matope yake mbele ya shule zote. Basi aliiacha ndoo itulie, akacheza weee, kisha akapima ya juu.

"Si Mwalimu alisema upime papo hapo?" rafiki yake Brigid alimuuliza.

"Sasa wewe unataka watu waone sisi ni wachafu?"

Brigid akamshikia mrija.

Jirani yao, Mama Javan, aliuza mboga. Mwanawe Javan ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na usingizi wake mtamu aliupatia mgongoni mwa Nasike. Jioni moja Nasike alimkuta Mama Javan akipuliza jiko, machozi yakimtoka kwa moshi, anachemsha maji ya mto ya kunywa.

"Mama Javan, mbona unajisumbua? Maji ya kwetu ni safi. Hata ramani imesema."

"Hiyo ya kina Mwalimu? Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Makaa yalikuwa yamepanda bei. Mama Javan akaepua sufuria.

Haukupita muda Javan akaanza kuhara. Walipomfikisha hospitali, mwili ulikuwa umekauka, na hakurudi nyumbani. Daktari alisema ni maji machafu. Nasike aliposikia hivyo, alihisi mgongo wake mtupu, akalia hadi sauti ikamkauka.

Alikwenda kwa Mwalimu Mideva, akamweleza yote. Mwalimu hakumgombeza. Aliuchukua mrija, wakashuka mtoni pamoja na kupima papo hapo. Alama ilipotea mara tu maji yalipoingia. Kitone kikageuka chekundu, na maafisa wa maji, waliokuwa wakiipita sehemu hiyo kwa kuwa ilionekana salama, wakaja. Chini ya nyasi walikuta bomba la majitaka limepasuka, wakalitengeneza.

Ilibaki safari moja, ya mlango wa jirani. Mwalimu alimshika Nasike mkono. Mama Javan alisikiliza hadi mwisho, akiikunja nguo ndogo iliyokuwa imekwisha kukunjwa.

"Ulimpenda, hilo najua," alisema. "Lakini ungeniambia ni machafu, Nasike, ningechemsha."

Nje, Mwalimu alipiga magoti akamfuta machozi. "Mwanangu, hatupimi mto ili tusifiwe. Tunapima ili watu wajue. Ukificha uchafu, anayeumia ni yule aliyekuamini. Useme kweli hata ikikuaibisha, na maji ya mto yachemshwe kila siku."

Ijumaa iliyofuata Nasike alipima bila kusubiri. Mvua ilikuwa imenyesha. Akirudi, alimwona Mama Javan mlangoni, jiko likiwaka.

"Leo mto uko aje?" Mama Javan aliuliza.

Nasike alitua ndoo. "Ni mchafu, Mama Javan."

"Asante kwa kuniambia," akasema, akaongeza makaa.