Kichupa cha Kutu

Volvo ya kijivu ilikata kulia bila taa ya ishara.

Jeptoo alikuwa magari matatu nyuma. Akakunja usukani wa Subaru Forester, magurudumu yakateleza kwenye tope la theluji, yakashika lami, na mji wa Hopkins ukabaki nyuma na nyumba zake za matofali.

Dereva wa Volvo hakuwa mtu wa kusahau taa ya ishara. Jeptoo alimjua vizuri. Alikuwa akila mezani pake kila jioni.

Aliitwa Severin Vogel, Mjerumani, mtaalamu wa magonjwa ya nafaka katika maabara moja ya Saint Paul, Amerika. Yeye na mkewe Margaret walikuwa wamempokea Jeptoo tangu Septemba, mwanafunzi wa uzamili kutoka Kenya, wakampa chumba cha binti yao. Walimfundisha kuvua viatu mlangoni, kutenganisha takataka, na kufungua madirisha kila asubuhi hata theluji ikianguka, maana Margaret alishikilia kwamba nyumba lazima ipumue. Jioni ilikuwa mkate, jibini na matango ya siki. Severin alimkatia kipande kinene kuliko cha kwake, kila siku.

Uanafunzi wake ulikuwa wa kweli. Jambo ambalo wenyeji wake hawakulijua ni kwamba alikuwa pia afisa wa Kitengo cha Ghala, idara ya siri ya Nairobi iliyolinda chakula cha nchi.

Kifaa kilichofichwa sikioni kikakoroma.

"Ghala Mbili, mvua imekatika. Rudi nyumbani."

Ilikuwa sauti ya Mzee Elkanah, mkuu wake. Maana yake: kazi imekwisha, ondoka.

"Rudia, mkuu."

"Umenisikia. Mwache Vogel apeleke mzigo. Tutaunasa huku uwanja wa ndege, pamoja na watakaoupokea."

"Na ukitupita?"

"Rudi nyumbani, nimesema."

Mzigo ulikuwa kichupa kidogo kuliko kidole gumba, kilichotolewa maabara ya Severin. Ndani yake mlikuwa na vumbi la rangi ya matofali, kutu ya ngano, ugonjwa wa kuvu wa aina ambayo hakuna mbegu ya Kenya ingeweza kuistahimili. Kampuni moja ya dawa za mimea, Tarnholt, ilitaka kuimwaga mashambani Njoro na Uasin Gishu msimu wa kupanda ukifika. Ngano ikishaungua, Tarnholt ingeleta dawa yake na kutaja bei iitakayo.

Jeptoo aliijua kutu. Alikuwa bado shule ya msingi ilipopita shambani kwao Moiben. Baba yake aliingia kwenye ngano na suruali ya kaki, akatoka suruali ikiwa nyekundu hadi magotini. Mwaka ule hawakuvuna kitu.

"Na Valentina, mkuu?"

"Huyo ni Mjerumani. Wajerumani watajua la kufanya."

Valentina Vogel, mwenye chumba alicholala Jeptoo, alikuwa Njoro akisoma muhula mmoja chuoni, akiishi na familia ya Kikenya. Asubuhi ile, kinasa sauti alichokiweka Jeptoo chini ya kikapu cha mkate kilikuwa kimenasa maneno machache ya simu: Leta kichupa ziwani leo. Watu wangu wako nje ya nyumba anayokaa binti yako.

Severin hakuwa mwizi. Alikuwa baba aliyekabwa koo.

"Hapana, mkuu," Jeptoo akasema.

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana."

Akakichomoa kifaa sikioni, akakitupa kiti cha nyuma.

Akakanyaga mafuta.

Aliipita Volvo kabla ya mji wa Excelsior, akaikatia njia, akailazimisha kuingia kituo cha mafuta. Severin alishusha kioo, uso mweupe kama karatasi.

"Jeptoo? Wewe si uko darasani?"

"Leo sikwenda, Baba Valentina."

Hivyo ndivyo alivyomwita tangu juma la kwanza. Kwao mtu wa umri ule hakuitwa kwa jina tupu.

Akaingia kiti cha mbele, akafunga mlango. Akamwambia yeye ni nani. Akamwambia pia kuhusu kikapu cha mkate.

Severin akazima injini.

"Ulitusikiliza. Nyumbani kwetu."

"Ndiyo. Nichukie baadaye. Kichupa kiko wapi?"

"Siwezi. Watamuua."

"Watamuua hata ukiwapa. Kisha watawaua kwa njaa watu ambao hata hujawaona." Akatoa simu. "Mwenyeji wa binti yako anaitwa nani?"

"Wairimu. Anafundisha shule ya pale. Namba yake hii hapa."

Njoro jua lilikuwa linakaribia kuzama. Simu ikaita mara tatu.

"Halo?"

"Mwalimu Wairimu, shikamoo. Naitwa Jeptoo, naishi kwa kina Valentina huku Amerika. Tafadhali chungulia dirishani. Kuna gari geni hapo nje?"

"Kuna Probox nyeupe. Iko hapo tangu jana. Wanaume wawili. Nikawauliza mnataka nani, wakaniambia wanangoja fundi."

"Hawangoji fundi. Wamemjia Valentina."

Wairimu hakupiga kelele. Alivuta pumzi, na alipozungumza tena ilikuwa sauti ya mtu anayenyamazisha darasa zima.

"Huyu msichana anakula kwangu na analala kwangu. Wamjie kwa ruhusa ya nani?"

"Mwalimu, wana silaha. Mtoe kwa mlango wa nyuma, kisha..."

"Usinifundishe boma langu, mama. Majirani wangu wote wana trekta. Nitakuambia."

Akakata.

Jeptoo akamgeukia Severin, kiganja wazi.

"Kichupa."

Safari hii alikitoa.

Ndani ya kituo kulikuwa na mashine ya kahawa yenye bomba la maji ya moto. Jeptoo alijaza kikombe kikubwa, akarudi garini, akakizamisha kichupa mle na kizibo chake. Mvuke ukafunika kioo. Severin, mtaalamu, alielewa kabla hajaambiwa.

"Joto hilo litaua kila chembe," akasema taratibu. "Lakini rangi haibadiliki. Kwa macho hakuna atakayejua."

"Maji yakipoa nabadilisha. Wewe ndiye wa kuniambia imetosha."

Alibadilisha mara mbili. Kisha Severin akaitikia kwa kichwa, akakirudisha kichupa mfukoni.

Februari ile joto lilikuwa limekuja mapema, na barafu ya Ziwa Minnetonka ilikuwa imeanza kutoa jasho. Bado vibanda vya wavuvi wanaotoboa barafu, pamoja na magari yao, vilisimama juu yake. Ufukweni, ndani ya Toyota Highlander, alikuwa amejificha Bravin, Mkenya wa mji wa Crystal, nesi wa wazee usiku na macho ya Kitengo mchana.

Redio ya Motorola ya Jeptoo ikaita.

"Madam, jamaa wako yuko kibanda cha bluu," Bravin akasema. "Yuko solo. Ana pikapu, F-150 nyeusi. Na usi-drive upande wa daraja. Hapo maji yanapita chini, barafu ni kama biskuti."

"Sawa. Ita polisi sasa."

"Na boss? Amenipigia, ana hasira mbaya."

"Mwambie hunioni."

Walitembea hadi kwenye kibanda, Severin mbele, Jeptoo nyuma, bastola ya Glock ndani ya koti. Sydney Tarn, mwana wa mwenye Tarnholt, alikuwa ameketi kando ya jiko la gesi, koti lake jipya bado na mikunjo ya dukani. Bastola aina ya SIG ilikuwa juu ya paja lake.

"Nani huyu?"

"Mwanafunzi anayekaa kwetu," Severin akasema. "Ameniendesha. Sikuweza kushika usukani."

Haukuwa uongo mkubwa.

Sydney akapokea kichupa, akakiinua kwenye mwanga, akatabasamu. Akabonyeza simu, akaanza kusema hata kabla haijapokelewa.

"Malizeni huko."

Severin akatoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni.

Hakuna aliyejibu simu. Sydney akabonyeza tena. Wakati huo huo saa ya Garmin mkononi mwa Jeptoo ikatetema. Ujumbe wa Wairimu:

Probox iko katikati ya trekta. Polisi wa Nakuru wamefika. Mtoto anakunywa chai.

"Yuko salama," Jeptoo akasema.

Akalipiga teke jiko la gesi.

Jiko likamwangukia Sydney magotini. Risasi ikatoboa paa. Jeptoo akamwangusha Severin chini, akachomoa Glock, lakini Sydney alikwisha kupenya mlangoni na kichupa chake. Injini ya F-150 ikanguruma.

Ikaelekea darajani.

"Simama!" Jeptoo akapiga kelele. "Hiyo barafu haikubebi!"

Hakusimama.

Barafu ililia kwanza. Kisha pua ya lile gari ikazama, na maji meusi yakapanda hadi kwenye vioo. Sydney akatokea dirishani, akang'ang'ania ukingo uliokuwa ukimegeka vipande.

Bravin akaja mbio na mkanda wa kuvutia gari. Jeptoo akatambaa kwa tumbo, ncha moja ya mkanda begani. Aliacha kutambaa mbali kidogo na ukingo.

"Nisaidie!"

"Simu kwanza."

"Nakufa!"

"Itupe basi, upesi."

Simu ikateleza juu ya barafu hadi mkononi mwake. Ilikuwa na namba zote, za watu wake wa Njoro na za wale wa Nairobi waliongoja mzigo. Ndipo Jeptoo akarusha mkanda, na Bravin, aliyeshika ncha ya pili, akauvuta kama anavyovuta mgonjwa mzito kitandani.

Polisi walimfunga Sydney pingu akiwa ndani ya blanketi. Severin alikwenda mwenyewe kwao, akawaambia kila alichofanya, kisha akaruhusiwa kupiga simu moja. Alizungumza na binti yake kwa Kijerumani, mgongo ukiwaelekea watu wote.

Bravin akamnyooshea Jeptoo simu.

"Ni boss."

"Umevunja amri," Mzee Elkanah akasema.

"Ndiyo, mkuu."

"Kesho uwe mbele ya meza yangu Nairobi."

"Kesho haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Nina mtihani."

Akamrudishia Bravin simu, akapandisha zipu ya koti, akaanza kutembea kuelekea ufukweni.