Mikono Mitatu Kifuani

Mara ya kwanza hakuna aliyeihesabu. Kicheko kilikuwa kingi mno.

Ilikuwa Jumapili saa saba mchana, watu wametoka misa, na Jethro Osoro alikuwa amefunga kibanda chake cha viatu vya mitumba pale Daraja Mbili ili aje nyumbani atazame upuuzi wake mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyoiita ile filamu, na ole wako uiite hivyo wewe. *Maiti Haina Haraka*. Waliipiga shambani Ekerenyo miaka ishirini na saba iliyopita, na yeye ndiye aliyekuwa nyota: mwanamume anayejifanya amekufa ili apate kula kwenye matanga yake mwenyewe. Mwandishi mmoja wa gazeti alisema mbuzi anayepita dakika ya kumi ndiye mwigizaji pekee aliyejua kazi yake. Osoro aliapa kwamba siku atakapokutana na mwandishi huyo atamzaba makofi mawili, moja lake na moja la mbuzi.

Lakini watu wa kawaida waliipenda. Katika mabanda ya video, kutoka Marani hadi Nyamira, vijana waliijua neno kwa neno. Kanda ikanakiliwa kutoka kanda nyingine, na nyingine, mpaka nyuso zikawa kama uji uliomwagika. Sasa kampuni fulani ya ng'ambo, ya watu wanaozipenda filamu mbovu kama watu wengine wanavyopenda mbwa wenye miguu mitatu, ilikuwa imeichukua mikanda halisi, ikaisafisha, ikaitoa kwenye diski yenye picha kali mpaka unahesabu nyuzi za shati.

Aliyeileta diski ni Ouko Odoyo, mpiga picha wa harusi, mtu wa Homa Bay aliyekuja Kisii kutafuta kazi akasahau kurudi. Ndiye aliyeshika kamera enzi hizo. Televisheni ilikuwa ya Lavender, binti pekee wa Osoro, mwalimu wa chekechea.

"Yawa, omera, hebu ona hiyo suruali!" Ouko alicheka akijipiga mapaja.

"Nilikuwa na kiuno," Osoro akasema.

"Ulikuwa na njaa," akajibu mkewe, Mong'ina, huku akipitisha sahani ya ndizi.

Walifurahi. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu baadaye hakuna aliyetaka kulikumbuka. Walicheka mpaka machozi. Ilipofika sehemu ya kaburi, Osoro kijana akiwa amelala shimoni na mikono kifuani, picha ilikuwa safi kiasi cha kuona siafu wakitembea kwenye mizizi.

"Baba, maiti anatoka jasho!" Lavender alipiga kelele. Akairudisha nyuma ili waone tena. Safari hii akaisimamisha. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Baba, hebu hesabu mikono."

Wakahesabu. Miwili ilikuwa ya Osoro. Wa tatu ulitokea chini ya kwapa lake, kutoka nyuma, mweusi kwa udongo, ukamzunguka kifuani kama mama anavyomkumbatia mtoto aliyelala mbele yake.

Ndipo harufu ikaingia sebuleni. Harufu ya udongo mbichi, kama shamba la viazi baada ya mvua, na ndani yake kitu kitamu kilichooza.

"Nani alikuwa chini yako?" Mong'ina aliuliza taratibu.

"Hakuna mtu."

"Ouko, mlipomaliza, katika lile shimo mlizika nini?"

"Mimi nilifunga kamera nikapanda gari, shemeji. Mwenye jembe alikuwa bwanako."

Hakuna mtu wa milima hii asiyejua. Kaburi likishachimbwa haliachwi bila mtu wake. Kama maiti hazikwi tena pale, mnakata mgomba, mnauzika badala yake, shimo linatulia. Bikizee Bitutu, mwenye shamba, aliwapa ruhusa kwa sharti hilo moja tu. Lakini siku hiyo mvua ilikuwa inakuja, gari linapiga honi, na Osoro, mwenye hasira za karibu, alisukumia udongo mtupu ndani na kuondoka. Bitutu alipomuuliza, alimtazama machoni akasema, tumezika, mama. Mtu huyu huyu ambaye kibandani kwake humwambia mteja bila haya kwamba kiatu hiki soli yake imebanduka ikashonwa tena mara mbili.

"Nilizika," Osoro akasema sasa pia, na sauti yake ikawa kali. "Mnaniona mimi mtoto? Nilizika mgomba."

Lavender alikuwa amesimama karibu na kioo cha televisheni, kidole chake kikifuata ule mkono wa tatu.

"Ni wa baridi," alisema.

Picha ikaanza kutembea bila mtu kubonyeza kitu. Kifuani kwa maiti sasa kulikuwa na mikono miwili tu.

Lavender akageuka. Alitabasamu, na meno yake yalikuwa na udongo. Kabla mtu hajasema neno alinyanyua kutoka mezani tembo wa jiwe la sabuni, jiwe lile zito linalochongwa Tabaka ambalo Mong'ina hulishika kwa mikono miwili akipangusa vumbi, akalitandika usoni pa Ouko kwa mkono mmoja, na taya la Ouko likalia kama muwa unaovunjwa. Mong'ina alimrukia mwanawe kumzuia, naye akamng'ata begani, akaitikisa nyama kama mbwa anavyotikisa panya, mpaka gauni lake la kanisani likachanika na damu ikaruka ukutani. Osoro alimshika kiuno kutoka nyuma, binti aliyemkogesha, aliyembeba mabegani, naye akamnyanyua yeye na kilo zake themanini na tano, akambwaga juu ya meza ya kioo ikapasuka chini yake, akampanda kifuani akamkaba koo, na huku akimkaba alimwinamia sikioni, akanong'ona kwa sauti isiyo ya mwanamke wala ya mwanamume, sauti ya kitu kilichokaa muda mrefu bila kuzungumza.

"Nililala nawe. Ukaamka ukaenda."

Udongo ulimmwagikia Osoro machoni kutoka kinywani mwa mwanawe.

Walimshinda watatu, kwa kamba za kufungia marobota ya mitumba, na hata hivyo alimvunja Ouko vidole viwili. Alipokwisha kufungwa hakupiga kelele. Alilala tu huku tumbo lake likipanda, gumu, kama gunia linalojazwa kidogo kidogo.

"Anajaa," Mong'ina alinong'ona, mkono wake ukiwa juu ya lile tumbo. "Nyasae, Mungu wangu, mwanangu anajazwa udongo. Baba Lavender, sema ukweli sasa au nitakuua mimi mwenyewe."

"Sikuzika," Osoro akasema.

Ouko aliendesha gari lake kwa mkono mmoja, taya limefungwa kwa kitenge, mpaka Ekerenyo. Walifika saa kumi, jua bado lipo. Bitutu alikuwa ameshakufa. Aliyewapokea ni binti yake, Kemuma, mama mnene mwenye gambuti miguuni, akirudi kutoka kupeleka majani ya chai. Alitazama ndani ya gari. Alimtazama Lavender, kisha Osoro.

"Wewe ndiye yule wa sinema."

"Ndiyo, mama. Tafadhali, kama wewe ni mganga..."

"Mganga? Mimi ni mwenye shamba." Alitema mate pembeni. "Kuna mahali pale hapashiki chai. Kila masika panazama. Nimepeleka udongo kwa toroli miaka yote hii, panameza tu. Mama alikufa akishangaa, maana uliapa kwake. Ulimdanganya mama yangu, sivyo?"

"Nilimdanganya."

"Basi mgomba peke yake hautatosha tena. Mgomba ni wa shimo ambalo halijaonja mtu. Hili ulilala ndani yake ukaliacha. Utalala tena, pamoja na mgomba, mpaka likuachilie kwa hiari yake na lishike ule mgomba. Usicheke. Usiseme. Nikikuita mara tatu, ndipo uinuke."

"Na nisipolala?"

Kemuma alielekeza kidevu kwenye gari. Tumbo la Lavender lilikuwa limefika mbavuni, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Osoro hakubishana. Alichukua jembe mwenyewe. Udongo ulikuwa laini, ulitoka kama vile ulikuwa unangoja. Walikata mgomba, Kemuma akauvisha koti la Osoro, vifungo vyote, kisha wakaulaza shimoni. Osoro akashuka akalala ubavuni mwake, mikono kifuani. Mong'ina, damu ikiwa imemkauka begani, ndiye aliyemfukia, akilia kilio cha kweli.

Udongo ulipomfika kidevuni aliusikia mkono. Ulitoka chini ya kwapa lake, taratibu, ukamkumbatia kifuani. Halafu wa pili ukamshika shingo, halafu paja likapita juu ya paja lake, zito, na pumzi baridi ikatulia nyuma ya sikio kama ya mke aliyekasirika siku nyingi na sasa amekubali kulala, na Osoro akauma ulimi wake mpaka ukatoa damu ili asipige ukelele, akawaza jina la Lavender, jina hilo tu, mara mia, huku udongo ukimfunika midomo na pua na macho mpaka mwanga ukaisha.

Juu kabisa, mbali, alimsikia mtu akitapika. Alitapika muda mrefu. Kisha sauti ya Lavender, yake mwenyewe, ikasema, "Mama, kwa nini nimefungwa?"

Osoro alilia kwa furaha ndani ya giza.

"Osoro!" Kemuma aliita.

Mikono ililegea.

"Osoro!"

Mikono ikamwacha kabisa. Alishukuru Mungu. Alikusanya nguvu zote magotini, akingoja.

"Osoro, inuka!"

Mtu akainuka.

Osoro alisikia uzito ukitoka juu yake. Alisikia kisigino kikikanyaga paja lake, goti likiegemea tumbo lake, udongo ukipasuka huko juu. Alijaribu kufuata, lakini miguu yake ilikuwa laini, yenye maji, haikuwa na mifupa. Kitambaa kilimbana makwapani. Lilikuwa koti, na vifungo vyote vilikuwa vimefungwa.

"Baba! Shika mkono wangu," Lavender alisema.

"Asante, mwanangu," ilijibu sauti ya Osoro.

"Na mgomba?" aliuliza Mong'ina.

"Umeshikwa," alisema Kemuma. "Naiona ncha ya koti. Fukieni haraka."

Alifungua kinywa kupiga kelele, na kinywa kilikuwa kimejaa. Jembe la kwanza la udongo lilimwangukia usoni. La pili likaja kwa nguvu zaidi, kwa nguvu za mama aliyerudishiwa mtoto wake, na kila lilipoanguka Osoro aliijua pumzi ya mkewe juu yake, pumzi aliyolala nayo miaka thelathini.

"Kandamiza vizuri, mama Lavender," ile sauti ilisema kwa upole huko juu. "Safari hii tusiache kazi nusu."